Mwanamke Aliyesemewa

Juni iliyopita nilikuwa nyumbani Matai, baridi ya Ufipa ikiwa imekolea na mahindi yamejaa uani yakisubiri kupukuchuliwa. Jioni moja mpwa wangu, msichana wa kidato cha tatu, aliniomba nimsindikize kwenye kibanda cha video. Filamu ilimhusu Qiu Jin, mwanamapinduzi wa China, ile iliyotengenezwa Hong Kong mwaka 2011. Nakala yenyewe ilikuwa imetafsiriwa kwa mtindo tuliouzoea: sauti ya mwanamume mmoja ikisimulia juu ya sauti za waigizaji wote.

Mtafsiri alikuwa hodari. Kila Qiu Jin alipochomoa upanga alimwita "jike dume", na kibanda kizima kikalipuka kwa vifijo, mimi nikiwamo. Kisha ikafika sehemu ambapo mwanamke huyo alizungumza kwa muda mrefu, bila upanga, kwa uso uliotulia. Mtafsiri akasema: "Hapo dada kashakasirika." Basi. Mpwa wangu akaninong'oneza: "Mjomba, mbona yeye kasema mengi?"

Swali hilo limenisumbua hadi leo. Qiu Jin wa historia alikuwa mshairi, mwalimu na mhariri. Mwaka 1904 aliacha mume na watoto wawili akaenda kusoma Japani. Alipinga desturi ya kuwafunga wasichana miguu. Mapema mwaka 1907 alianzisha gazeti la wanawake mjini Shanghai, kisha akasimamia shule ya Datong huko Shaoxing, iliyokuwa pia maficho ya maandalizi ya uasi dhidi ya utawala wa Qing. Julai 15 mwaka huo alikatwa kichwa. Kazi yake kubwa ilikuwa maneno. Filamu imempa zaidi mapigano. Kibanda chetu kikamnyang'anya hata maneno machache yaliyosalia.

Ni kweli kwamba yeye mwenyewe alivaa mavazi ya kiume, akajipa jina lenye maana ya kushindana na mashujaa wanaume. Lakini aliyejichagulia vazi hilo alikuwa akivunja mlango aliofungiwa. Sisi tunaposema "jike dume" tunaufunga upya: tunakiri ushujaa wake, kisha tunaukabidhi kwa wanaume.

Najiuliza siku tutakapotengeneza filamu kubwa kuhusu Bibi Titi Mohamed tutaonyesha nini. Bila shaka mikutano ya hadhara, na kesi ya uhaini iliyosikilizwa mwaka 1970. Je, tutaonyesha jioni za mwaka 1955, alipopita katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam akiwashawishi wanawake kuchukua kadi za TANU? Hapo hapana bunduki wala farasi. Pana mwanamke anayezungumza na wanawake wenzake, nao wanaamua. Hiyo ndiyo siasa yenyewe.

Ndugu msomaji, sina haki ya kumlaumu mtafsiri peke yake. Sisi Wafipa tuna simulizi ya Milansi. Mwene Ntatakwa alikuwa mawindoni wanawake watatu wageni walipofika. Mkewe akawaachia kiti cha enzi, na kwao ukatoka ukoo wa Watwaki uliotawala Nkansi na Lyangalile. Kwa miaka mingi nimeisimulia darasani kama kisa cha mke aliyeshindwa kulinda alichokabidhiwa. Wanafunzi hucheka, nami hucheka nao. Sijawahi kuuliza mke yule aliona nini mlangoni, alipima nini, au wale watatu walimwambia nini. Nimesimulia habari za wanawake wanne walioamua hatima ya nchi, na hakuna hata mmoja niliyempa nafasi ya kusema. Nina shahada ya uzamivu, lakini kazi niliyofanya ni ileile ya kibandani.

Usiku ule, tukirudi nyumbani, nilimsimulia mpwa wangu kisa hicho upya. Nilipofika penye kiti cha enzi nilinyamaza, nikamwomba aendelee yeye. Alifikiri kidogo, akasema: "Labda aliona wanafaa kuliko mumewe." Sikumsahihisha. Hakuna waraka unaothibitisha jibu lake, lakini hakuna pia unaothibitisha lile la uzembe nililofundisha mimi.

Muhula ujao nitaanzia hapo. Na kwa maofisa utamaduni wa wilaya zetu nina ombi moja: mnapokwenda vijijini kurekodi simulizi za kale, msiishie kwa wazee wanaume waliokaa barazani. Ingieni hadi jikoni, washeni kinasa sauti, kisha mnyamaze.