Tairi kubwa, stadi ndogo

Ukisimama kando ya barabara ya lami itokayo Ngong kuelekea Suswa, hapo Ewuaso Kedong, hasa mwishoni mwa juma, utayaona yakipita: Land Cruiser, Land Rover na Hilux za zamani zilizonyanyuliwa juu kama ngamia, tairi zake zinakufika kiunoni, vumbi la Bonde la Ufa limezipaka hadi kwenye vioo. Vijana wachungao mbuzi husahau mbuzi wao kwa muda. Tangu mashindano ya Rhino Charge yaanze mwaka 1989, kuchangia uhifadhi wa Aberdare, magari ya namna hii yamekuwa na wapenzi wengi hapa Kenya, na siwalaumu. Ni magari ya kutamanika.

Lakini siku hizi jicho langu halikai kwenye tairi. Huenda moja kwa moja katikati ya gurudumu la mbele, kwenye kile kidude cha mviringo chenye maneno LOCK na FREE, ambacho dereva hukizungusha kwa vidole anapotaka magurudumu ya mbele nayo yavute. Kidude hicho kimeshikiliwa kwenye habu na vijiti sita vya chuma vyenye hesi. Mafundi huviita stadi. (Ni jina la ajabu, maana katika Kiswahili chetu stadi ni mtu aliyebobea, na hivi vijiti hufanya kazi ya kiume bila sifa yoyote.) Katika Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani, zile zenye ekseli nzima mbele, kila stadi ina unene wa milimita 8 tu. Pima kidole chako cha mwisho, hakipungukii hapo.

Huenda ukauliza, mambo ya nati yananihusu nini mimi mwandishi wa kurasa za jamii? Yananihusu kwa sababu dada yangu ameolewa Ewuaso Kedong, na Hilux ya shemeji ndiyo ambulansi ya majirani. Manyatta nyingi za upande ule ziko mbali na lami. Kati yake na barabara kuna makorongo, mawe ya volkano na vumbi laini kama unga wa ngano, ambalo mvua ikinyesha hugeuka matope ya kunata. Shemeji alibadilisha tairi kwa ajili ya matope hayo. Alitoa za inchi 29, akaweka za inchi 35. Gereji moja mjini, ambayo jina lake nalihifadhi, ilimfungia tairi hizo, na papo hapo ikafungua habu za mbele ili kutia grisi mpya kwenye beringi.

Majuma matatu baadaye mvua kubwa ilinikuta huko nikiwa mgeni. Usiku mama mmoja jirani alishikwa na uchungu wa kuzaa. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa dada, tukaondoka. Katika korongo la pili gari lilikwama. Shemeji akatia gia nzito, akakanyaga mafuta, na badala ya kupanda tukasikia tak! tak! kisha mlio wa chuma kinachozunguka bure. Aliposhuka na tochi alikuta kile kidude cha gurudumu la kushoto kinaning'inia. Stadi tano zilikuwa zimekatika na ya sita imepinda. Magurudumu ya nyuma peke yake hayakufua dafu. Wanaume wanne walimbeba yule mama kwa blanketi, wakavuka naye korongo na kutembea hadi barabarani, tukimwangazia njia kwa simu. Gari la kwanza lilitupita. La pili lilisimama. Alijifungulia hospitalini Ngong, mtoto wa kike, kabla ya mapambazuko.

Siku iliyofuata nilimfuata shemeji kwa fundi wa jua kali hapo Ngong, mzee aliyezeeka na magari haya. Alizitazama stadi zilizokatika kwa muda mrefu kabla ya kusema neno. "Dada," akaniambia, "hizi hazikuvunjika jana. Jana zilimaliza tu." Akanionyesha: sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini na nyeusi, dalili ya ufa wa siku nyingi, na sehemu ndogo tu ndiyo iliyong'aa kama chuma kipya.

Alichonieleza baadaye ndicho nataka ukishike, msomaji, kwa kuwa wengi hudhani dawa ni stadi nene na basi. Bana viganja vyako viwili pamoja kwa nguvu, kisha jaribu kutelezesha kimoja juu ya kingine. Ni kazi. Sasa legeza kidogo. Vinateleza bila shida. Habu nayo ni hivyo hivyo. Nguvu ya injini haikusudiwi kupita kwenye stadi, inapita kwenye nyuso mbili za chuma zilizobanana. Kazi ya stadi ni kubana. Nati zikilegea hata unywele mmoja, nyuso hizo huanza kucheza, kwenda na kurudi, na kila mara stadi hupigwa kwa ubavu kama mti unaokatwa kwa panga butu.

Tairi kubwa inaingiaje hapo? Gurudumu ni wenzo. Kutoka inchi 29 hadi 35 wenzo umerefuka kwa zaidi ya moja ya tano, kwa hiyo tairi ikishika mwamba, msokoto unaorudi kwenye habu nao huongezeka kiasi hicho hicho. Ongeza uzito wa tairi yenyewe, ongeza gia nzito, ongeza kishindo cha gurudumu lililokuwa likizunguka hewani kisha likadaka jiwe ghafla. Vile vijiti sita ni vile vile vilivyotoka kiwandani na tairi ndogo.

Kwenye gari la shemeji, mzee alikuta gereji ile haikurudisha vile vikoni vidogo vyenye mpasuo, ambavyo huvaa stadi na kujaza nafasi kati yake na tundu. Huenda vilipotea sakafuni. Bila hivyo kidude hicho hucheza hata nati ikikazwa vipi. Tena nyuso za ndani zilikuwa zimepakwa grisi tele, kama mkate uliopakwa siagi. Grisi ni ya beringi, si ya hapo. Nyuso hizo zinatakiwa kavu, zimepanguswa kwa petroli na kitambaa safi. Na kwa kukaza, vitabu vya Toyota vya magari mengi ya aina hii vinataja nyutonimita 31 kwa nati hizi. Hiyo ni nguvu ya mkono kwenye spana fupi. Yule kijana anayechomeka bomba kwenye spana na kulikalia anaivuta stadi hadi inachoka kabla gari halijatoka gereji.

Ikikatika moja, badilisha zote sita, kwa sababu wenzake wamebeba mzigo wake na wameumia kimyakimya. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, ina stadi za kila bei. Hapa usihesabu senti. Mafundi wengine huongeza pini za chuma gumu kati ya habu na kile kidude ili zisaidie kupokea msokoto, na kwa mwenye tairi kubwa kweli nadhani ni fedha iliyotumika vizuri. Halafu kaza tena baada ya kilomita mia moja hivi za mwanzo. Usizichanganye na stadi za gurudumu lenyewe, zile zinazoshika rimu. Hizo zikikatika gurudumu zima huondoka, na nazo zinahitaji ukaguzi uo huo.

Dereva naye ana sehemu yake. Usikanyage mafuta huku usukani umekatwa hadi mwisho. Usiachie klachi kwa hasira. Ukitoka kwenye vumbi na kupanda lami, toa gari kwenye mvuto wa magurudumu manne. Kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa. Vumbini tairi huteleza na kujitua mzigo, lakini lami haiachii, na msokoto wote hubaki kwenye ekseli na habu. Tangu lami ipite Ewuaso, madereva wengi husahau jambo hili dogo, wakafika Ngong gari likilalamika.

Nilimwuliza shemeji kwa nini asirudishe tairi za zamani. Alicheka. "Shemeji, mwezi wa nne uje uniulize tena ukiwa katikati ya matope." Nadhani ana haki. Wa kulaumiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni yule wa mjini anayevaa tairi za inchi 35 kwenda nazo sokoni, halafu siku moja anawapakia watoto kuwapeleka Suswa bila kumfungulia fundi habu hata mara moja.

Siku hizi chini ya kiti cha Hilux kuna kopo la mafuta ya kupikia lenye stadi sita, nati na vikoni vyake, na spana moja fupi. Dada naye alitoa chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu, akachora mstari juu ya kila nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikizunguka, mstari unakatika na unaonekana kwa jicho. Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, hupita na kitambaa, akafuta vumbi na kuangalia kumi na mbili zote. Juma lililopita alinipigia simu kuniagiza chupa nyingine.