Mgeni wa Jando, Itumbe



Kila ifikapo Oktoba, vijana wetu walioko Uingereza na Marekani huniuliza swali moja. Wenzao kazini huwaalika kwenye Halloween, usiku wa tarehe 31, watu wanapovaa vinyago na kutishana kwa mzaha. Je, waende? Mwaka huu nitawajibu kwa safari yangu mwenyewe, tena ya humu humu nchini.

Kwa miaka mingi nimehesabu mifuko ya chai ghalani Mombasa, ikisubiri mnada. Desemba iliyopita, mwenzangu wa kazi, Mkisii, alinialika kwao Itumbe. Mwanawe alikuwa anatahiriwa. Nilipanda basi la usiku hadi Nairobi, kisha nikapitia Narok, Bomet na Sotik hadi mji wa Kisii. Kutoka hapo ni vilima juu ya vilima, na michai imepandwa hadi karibu na milango ya nyumba. Maji ya udhu alfajiri yalikuwa baridi hata vidole vikafa ganzi.

Tohara kwetu ni sunna, kwa hiyo nilidhani sherehe haitanipa taabu. Kumbe wavulana hurudishwa nyumbani kwa wimbo uitwao Esimbore, na baadhi ya maneno yake hayatamkwi siku nyingine mbele ya wazazi. Nilimvuta mwenyeji wangu kando kabla msafara haujaanza, nikamweleza kwamba furaha yake ni yangu, ila wimbo huo sitauimba. Hakuudhika. Alinipanga nyuma pamoja na wazee, kisha akanipa kisu. “Shehe, mbuzi utachinja wewe, ili sote tule chungu kimoja.”

Jioni nilionyeshwa kibanda cha mtoto. Ndani yake uliwaka moto ambao, kwa desturi yao, hauachwi uzimike mpaka mwari atoke. Wao humwita omware. Msikilize, ni ndugu ya mwari wetu. Wazee walinisimulia jinsi walivyotishwa utotoni, usiku kibandani, kwa ngurumo ya mnyama asiyeonekana, enyabububu. Walicheka hadi machozi. Nami niliwasimulia kuhusu jando za kwetu, tukacheka pamoja.

Kisha nyanya wa mtoto akanigeukia. “Mwalimu, nasikia nanyi Waislamu huwakata wasichana. Mwambie basi mwanangu, maana mjukuu wangu wa kike anakua hivi hivi, na majirani wanatucheka.”

Watu wakanyamaza. Mwenyeji wangu aliinamisha kichwa. Nilijua kwamba mgeni anaweza kunyamaza akaiita adabu, na kumbe ni woga. Nikamjibu: “Bibi, ni kweli wako Waislamu katika nchi hii wafanyao hivyo, wala sikufichi. Lakini si dini iliyowaamuru. Mwaka 2006 wanazuoni walikutana Al-Azhar, mjini Cairo, wakataka jambo hilo likomeshwe kwa sababu linamdhuru mwanamke. Na hapa Kenya sheria ya mwaka 2011 imelipiga marufuku. Mwanao amefanya vyema kumwacha binti yake salama.”

Bibi aliguna. Hakusema amekubali. Alinisogezea bakuli la chinsaga na ugali wa wimbi, akaniambia nile kabla havijapoa. Usiku ule mwenyeji wangu alinishika mkono kwa muda mrefu, bila neno.

Basi, vijana wangu, jawabu langu ni hili. Surat Al-Mumtahina, aya ya 8, haitukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Mwenzako akikualika, tazama kwanza kuna nini huko. Ikiwa ni jambo ambalo imani yako hailiruhusu, omba udhuru kwa upole, na siku nyingine mpelekee zawadi. Ikiwa unaweza kuketi naye, keti, lakini useme mapema usichoweza kukifanya, wala usijifiche nyuma ya maradhi ya uongo. Na ukiulizwa habari za watu wako, sema kweli, hata pale inapotuaibisha.

Desemba hii, in sha Allah, nitarudi Itumbe kumjulia hali kijana, na kumwamkia bibi. Nataka pia kumwona yule binti.

Wabillahi tawfiq.