Paka wa Jirani

Mahali katika Kiswahili pana ngeli yake, na ngeli hiyo ina sura tatu. PA- huonyesha mahali mahususi, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. KU- huonyesha upande au eneo lisilo na mipaka dhahiri. MU- huonyesha ndani. Wanafunzi wengi huzikariri sura hizo kama jedwali, kisha huziacha daftarini. Sisi, walimu wawili wa lugha tulio mume na mke, tumezifundisha kwa miaka mingi kwa mifano ya meza, chumba na sanduku. Mfano ulio bora kuliko yote tuliletewa na paka wa jirani, naye alitumia miezi saba kuukamilisha.

Tunaishi Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Palikuwa na gereza hapa kabla ya kambi ya wakimbizi kufunguliwa mwaka 1994. Jina la mahali latokana na kitenzi cha Kichewa leka, yaani ‘acha’, na wengi hulieleza kuwa ni kauli ya mfungwa anayeahidi kutorudia kosa. Kambi ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Nyumba zetu za matofali ya udongo zimekaribiana mno, hata mtu akipiga chafya upande huu, wa upande wa pili humwambia afya. Katika maisha ya namna hiyo, changu na chako ni maneno yanayotamkwa kwa uangalifu.

Jirani yetu alihamia hapa mwaka 2023. Kabla ya hapo alikuwa akiuza unga, maharagwe na sabuni huko Lilongwe, jiji ambalo mitaa yake mingi huitwa kwa namba. Mwaka huo serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na duka lake likafungwa. Alishuka garini na watoto watatu, magodoro mawili, sufuria, mizani ya dukani isiyokuwa na kazi tena, na kikapu kilichofunikwa kwa kitenge. Kikapuni mlikuwa na paka mwenye mabaka meusi na meupe, ambaye huko mjini alikuwa akiyalinda magunia dhidi ya panya. Mwenyewe alimwita Mlinzi.

Miezi ya kwanza paka alikuwa kule uani. Twasema kule kwa sababu hakuwa na mahali maalumu: mara juu ya ukuta, mara nyuma ya kuni, mara chini ya mpapai. Tulipomwambia jirani, “Mama, paka wako yuko kule kwetu,” alicheka na kusema, “Huyo ataniletea lawama.” Paka wako, paka wake: umilikishi ulikuwa wazi na haukumsumbua mtu.

Kisha ukaja msimu tuliokuwa tukipata usipa kwa bei nafuu. Usipa ni samaki wadogo wa Ziwa Malawi, wanaokaushwa na kuliwa kama dagaa. Harufu yao ikamsogeza paka hadi pale kizingitini. Pale palikuwa mahali pamoja tu, hatua moja kutoka mlangoni, jua la asubuhi linapoangukia. Hakulia wala hakuomba. Aliketi, mkia ameuzungusha miguuni, akitazama upande mwingine kama mtu aliyekuja kwa shughuli zake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu tulimpa vichwa vya usipa. Kitinda mimba wetu akamwita Kadogo, kwa kiambishi ka- tulichokuja nacho kutoka Kongo, ambacho mahali pake katika Kiswahili sanifu hukaliwa na ki-. Hivyo paka akawa na majina mawili, naye asiitikie hata moja.

Mvua za Desemba zilipoanza, tulimkuta mle chumbani. Hakuna aliyemwona akiingia. Alikuwa amelala juu ya gunia la mahindi, kama mfanyakazi aliyeripoti kazini. Wataalamu hueleza kwamba paka wa kufugwa ana asili ya paka-mwitu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, aliyewafuata panya, nao panya walikuwa wamezifuata nafaka za wakulima wa kale. Yaelekea alijisogeza mwenyewe, kidogo kidogo, kabla ya mtu yeyote kumfuga. Paka wa jirani aliirudia historia hiyo mbele ya macho yetu: kule, pale, mle.

Hapo ndipo sarufi ilipoingia nyumbani kwa namna ambayo hatukuitazamia. Jioni moja kitinda mimba wetu alisema, jirani akisikia, “Paka wetu amekamata panya.”

Sentensi hiyo haina kosa la upatanisho. Umbo la nomino paka halibadiliki katika umoja na wingi, lakini kwa kuwa yataja kiumbe hai, huchukua upatanisho wa A-WA: paka huyu, paka wetu amekuja. Nomino kadhaa za uhusiano, kama vile ndugu, rafiki na jirani, huenda njia nyingine. Kitenzi chake huchukua a-, bali kimilikishi chake katika umoja hufuata I-ZI: jirani yetu amekuja na paka wake. Mwanafunzi anayesema paka yetu mara nyingi hajazembea. Huenda anafuata Kiswahili cha Kongo, au Kinyarwanda, ambamo paka ni injangwe na ‘paka wetu’ ni injangwe yacu. Aliyezoea Kichewa cha sokoni tayari anayo njia, maana wenyeji husema mphaka wathu. Mwalimu anayezijua lugha za wanafunzi wake ataona chanzo cha kosa kabla ya kulisahihisha.

Lakini sentensi ya mtoto, pamoja na usahihi wake wote, ilimfanya jirani anyamaze. Tulimwelewa. Alikuwa amepoteza duka, wateja, na jiji zima. Alichobaki nacho kutoka maisha yale kilikuwa mizani na paka, na sasa watoto wa nyumba ya pili walikuwa wakimwita paka huyo wao. Mara tatu tulimbeba paka tukamrudisha. Mara zote tatu jirani alimpokea, akashukuru, akasema hakuna neno. Na kabla ya magharibi paka alikuwa mle tena. Tulifunga mlango, akapita dirishani. Baada ya muda tulianza kuona kwamba jirani haji tena kuomba moto wala kuketi nasi jioni. Adabu ilizidi, mazungumzo yakapungua. Nyumba zilitengana kwa hatua nane tu, nazo zikaanza kuwa mbali.

Mwezi Machi paka akazaa uvunguni mwa kitanda chetu. Tulimtuma mtoto akamwite jirani, kwa sababu habari hiyo ilikuwa yake kabla ya kuwa yetu. Alikuja, akapiga hodi, akasimama pale mlangoni. “Karibu, mama,” tukamwambia. Hakuingia mara moja. Aliuliza kwanza:

“Paka wetu amezaa wangapi?”

Ziko lugha duniani ambazo zingetueleza papo hapo alichokusudia. Kimalei, kwa mfano, kina maneno mawili ya ‘sisi’: kita humjumuisha anayeambiwa, kami humwacha nje. Kiswahili hakitofautishi. Wetu huweza kuwa ‘wangu na wa wanangu, ninyi mbali’. Huweza pia kuwa ‘wangu na wenu pamoja’. Vitabu vingine vitauita huo utata, na katika hati ya mauziano au ya urithi huo ni utata kweli, tena wa kuepukwa. Mlangoni petu siku ile neno hilo lilimwezesha mwanamke mwenye heshima zake kutaja haki yake bila kutunyang’anya chochote, nasi likatuwezesha kumjibu bila kukiri wala kukana.

“Wanne,” tukasema.

“Basi wanatosha,” akajibu, akavua ndala, akaingia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akawahesabu mwenyewe kwa kidole. Chai ilipokuwa tayari alikuwa angali ameketi sakafuni, akitusimulia jinsi paka huyo alivyozaa mara ya kwanza, kule Lilongwe, ndani ya katoni la sabuni. Hatujapata kumwuliza alikusudia wetu ipi.

Watoto wa paka walipoacha kunyonya, watatu walikwenda kwenye nyumba zilizokuwa zikisumbuliwa na panya. Jirani ndiye aliyeamua ni nyumba zipi. Wa nne alichukuliwa na mama mmoja Mmalawi, mteja wa duka lake la zamani, aliyekuja kununua bidhaa katika soko la kambini. Alimweka katika kikapu kile kile, akamfunika kwa kitenge, na kabla hajapanda gari alikuwa amekwisha kumwita mphaka wanga. Jioni hiyo paka mdogo alilala Lilongwe. Jirani alikaa barabarani mpaka vumbi la gari likatulia, kisha akarudi kuonja mchuzi wetu na kutuambia kwamba umepungukiwa chumvi.

Ipo nukta moja ya mwisho, nayo yafaa kuzingatiwa na kila atakayefundisha umilikaji. Tunacho kitenzi miliki, lakini hatukitumii kwa paka, wala kwa njaa, wala kwa wageni. Kwa mambo ya kila siku Kiswahili husema kuwa na. Tuna paka maana yake, ukiifungua kauli yenyewe, ni kwamba tuko pamoja na paka. Kichewa nacho husema vivyo hivyo: tili ndi mphaka. Paka yule angali analala mle kwetu na kula kwao, au kinyume chake, kutegemea siku na kitoweo. Ukibisha hodi katika nyumba hizi mbili na kuuliza, kila moja itakujibu, “Ndiyo, tuna paka.” Paka ni mmoja, na hakuna nyumba itakayokuwa imekudanganya.