Redio ya transista mbili

Bumu halijaingia na hosteli umeme umekatika mara mbili wiki hii, lakini hayo tuyaache. Leo niwape habari za mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Wenzangu wanaandika programu za simu, mimi naunga redio ya kutuma na kupokea nukta na mistari ya Morse. Wananicheka kweli: "Nshomile, unaturudisha enzi za Mjerumani?"

Kumbe wamegusa penyewe! Mjerumani alikuwa na kituo cha simu ya upepo pale Bukoba. Juni 1915 Waingereza walipanda meli Kisumu, wakavuka ziwa, wakapigana siku mbili, tarehe 22 na 23, wakaulipua mlingoti. Kikosi kizima kuvuka Viktoria ili kunyamazisha "di" na "da". Si mchezo.

Yangu inaitwa Pixie na inakaa kiganjani. Ina kristali moja, transista mbili, aisi moja ya kukuza sauti (LM386) na betri ya volti 9. Transista ya kwanza ikishirikiana na kristali inatoa mawimbi 7,023,000 kwa sekunde, bila kuyumba.

Ya pili ndiyo yenye uhondo, maana ina kazi mbili. Ukibonyeza kitufe, mguu wake mmoja unaunganishwa na ardhi, inaanza kukuza yale mawimbi. Yanapita kwenye koili na kapasita zinazochuja masafa ya juu yasiyotakiwa, halafu hao, antena: waya wa kama mita 20, kumi kila upande. Nguvu haifiki hata wati moja.

Ukiachia kitufe, transista ileile inageuka kichanganyio. Ya kwanza haijazimwa, kwa hiyo mawimbi yako yanakutana na yanayoingia kutoka kwenye antena. Mwenzako akituma kwenye 7,023,700, tofauti ni 700, na mitikisiko 700 kwa sekunde sikio linaisikia kama filimbi. LM386 inaikuza, unavaa hedifoni, unasoma herufi. Mwenzako hakutuma sauti yoyote, jamani. Katuma wimbi na ukimya tu, filimbi imezaliwa kwako! Ndiyo maana mashine mbili zenye masafa sawasawa kabisa hazisikiani: tofauti ni sifuri. Lazima moja isogezwe kidogo kwa kitasa.

Ubaya wake? Haijui kuchagua. Stesheni yenye nguvu ikiwa jirani inaingia bila hodi. Na kurusha mawimbi hewani bila leseni ya TCRA ni kosa, kwa hiyo kwa sasa pale pa antena nimeweka rezista ya omu 50, inakula nguvu yote. Kupokea nitajaribu baadaye.

Sasa ya nini yote haya wakati simu zipo? Nilipoenda likizo Muleba nilimwonyesha mjomba mchoro wa sakiti. Akautazama weee, kisha akauliza: "Mwanangu, na hiki kikiharibika tutakitupa kama vile vingine?" Swali lile limenikaa. Vifaa vinafika kwetu, vinafika mpaka visiwani Bumbire na Goziba, vikifa vinageuka midoli ya watoto, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo ndani. Hapa chuoni tunapewa milinganyo na alama, halafu tunatafuta kazi Dar.

Sidai kiredio hiki kitaokoa mtu ziwani. Ila fundi redio wa Muleba mwenye chuma chake cha kuchomea risasi anaweza kukifungua, akakipima, akabadilisha transista, kikaita tena. Na katika miaka yangu yote ya chuo hii ndiyo sakiti ya kwanza ninayoweza kumweleza mjomba kipande kwa kipande, kuanzia betri mpaka sikioni, kwa Kiswahili, bila kuruka kitu. Wasimamizi wa mradi watatoa alama zao. Mimi mtihani wangu uko Muleba, likizo ijayo.

Haya, foleni ya msosi inaniita. Baadaye!