Hela ya Tabora

Bibi mmoja mjane, jirani yetu hapa Mnazi Mmoja, alitujia na sarafu aliyoifunga katika pindo la kanga. Ilikuwa hela ishirini ya mwaka 1916, na taji yake imepigwa upande, sehemu yake imepotea nje ya ukingo.

"Mwalimu," akasema, "mnunuzi wa Kariakoo ataka kunipa bei ya shaba tu. Nami nimesikia ya kuwa fedha yenye kosa ina thamani kubwa. Mjukuu wangu hana sare ya shule."

Nasi kwa haraka ya kumsaidia tuliisugua kwa majivu na ndimu hata ikang'aa. Laiti tungaliuliza kwanza! Wajuzi wa sarafu huitaka rangi yake ya kale, nasi tuliiondoa kwa dakika chache.

Baadaye ndipo tulipojifunza. Hela hizo (na neno hela tulitumialo hata leo latokana na fedha hiyo ya Wadachi, mia kwa rupia moja) zilipigwa Tabora, katika karakana ya reli, wakati manowari za Waingereza zilipoifunga pwani na fedha ya Ujerumani ikakoma kuja. Shaba ilitafutwa popote, hata katika maganda ya risasi. Vyuma vya chapa vikachakaa na kupasuka upesi. Basi hela ya Tabora iliyopigwa upande si ajabu, na upande huo peke yake hauongezi bei sana. Wanunuzi huuliza mambo mengine: taji ni kubwa au ndogo? Ncha za herufi L zimepinda au zimechongoka? Ni shaba nyekundu au ya manjano?

Tena hutazama kama kosa ni la kiwandani kweli. Chuma cha chapa kikipasuka, shaba huingia katika ufa, na juu ya sarafu hutokea mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa kisu huchimba chini. Ukipitisha ukucha pole pole utatambua. Na sarafu mbili zilizopigwa kwa chuma kile kile huwa na mstari ule ule mahali pale pale. Kisu hakiwezi hayo.

Tulimweleza bibi yote, pamoja na hasara tuliyomtia. Alinyamaza kitambo, akaifunga tena hela yake katika pindo. Sare tulinunua sisi.