Gisenyi: Baina ya Mbivu na Mbovu

Mgeni ateremkaye kutoka Musanze kwenda Gisenyi huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Juu, katika Wilaya ya Nyabihu, kuna ukungu na baridi, na pande zote mbili za barabara yametanda mashamba ya viazi, karoti, kabichi na vitunguu katika udongo mweusi uliotokana na volkano. Kisha barabara hujipinda na kushuka, baridi hupungua, migomba huzidi, na mwishowe hutokea Ziwa Kivu, lililo katika kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo ulipo mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, nao umeshikana na mji wa Goma wa Kongo hata asiyeambiwa hajui mmoja umekwisha wapi na mwingine umeanzia wapi.

Wengi wajao Gisenyi hufuata ufuko wa ziwa, au huja kuutazama mlima Nyiragongo usimamao upande wa Kongo kwa kimo cha mita 3,470. Lakini atakaye kuujua mji wenyewe hana budi aamke alfajiri, aende penye kizuizi cha mpaka kiitwacho Petite Barrière. Kwa miaka mingi mahali hapo pamehesabiwa miongoni mwa vivuko vya miguu vyenye watu wengi kabisa barani Afrika. Nyakati za utulivu, makumi ya maelfu ya watu hupita kwa siku moja. Walio wengi ni wanawake wenye beseni za nyanya kichwani, mafungu ya karoti mgongoni na vikapu vya maparachichi mikononi. Wamo pia watu wenye ulemavu wanaosafirisha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Ng'ambo ya pili husubiri vijana wa Goma na chukudu zao, yale magari ya mbao yasukumwayo kwa nguvu za mikono na miguu. Kinyarwanda na Kiswahili husikika kwa pamoja, nacho Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017.

Kila aliye katika foleni ile ana hati mkononi na hesabu ya saa kichwani. Sababu ni kwamba mzigo aliobeba u hai.

Kukomaa si kuiva

Watu wengi hudhani kuwa tunda likishachumwa limekufa, na kinachobaki ni kuoza tu. Sivyo. Nyanya iliyo ndani ya beseni huendelea kupumua kama ilivyopumua shambani: huvuta oksijeni, hutoa hewa ya ukaa, hutoa joto na kupoteza maji. Tofauti ni moja, lakini ni kubwa: mama yake, yaani mmea, haipi tena chakula wala maji. Tangu saa ile hula akiba yake yenyewe, na akiba hiyo ina kikomo.

Lugha ya Kiswahili imejaliwa maneno mawili yanayoieleza vizuri habari hii: kukomaa na kuiva. Tunda hukomaa likiwa limefikia ukubwa wake na mbegu zake zimekamilika, ingawa rangi ingali ya kijani na nyama ingali ngumu. Kuiva ni hatua inayofuata. Wanga hugeuka sukari, ukali hupungua, gundi ya asili inayoshikanisha nyama ya tunda huyeyuka, ukijani hutoweka na rangi nyekundu au ya manjano hujitokeza. Nyanya iliyokomaa ikichumwa ingali kijani itaivia njiani. Nyanya changa ikichumwa haitaiva kwa namna ifaayo. Itanyauka, na hata ikipata rangi itakosa utamu. Parachichi lina ajabu yake, kwani halilainiki likiwa mtini. Ni mpaka lichumwe ndipo lianze kuiva.

Lakini si kila tunda lina tabia hiyo. Ndizi, maembe, mapapai, mapera na marakuja huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Machungwa, malimau, mananasi na zabibu hayaongezi utamu yakishakatwa. Kadiri yakaavyo ndivyo yazidivyo kuchakaa. Anunuaye nanasi chachu kwa tumaini kwamba litakuwa tamu kabatini amejidanganya.

Siri ya shimo la ndizi

Wakulima wa Rwanda walizijua siri hizi kwa vitendo kabla ya maabara kuzieleza. Ndizi za kutengenezea pombe iitwayo urwagwa huvundikwa katika shimo liitwalo urwina. Shimo hutandikwa majani ya migomba, ndizi komavu hupangwa ndani, hufunikwa kwa majani na udongo, na moto huwashwa kando ili joto na moshi vipenye. Baada ya siku chache ndizi zote hutoka zimeiva kwa pamoja, tayari kukamuliwa. Wazee wa Tanzania na Uganda nao wana njia zao za kuvundika, na maana ni ile ile.

Kinachofanya kazi humo ni joto pamoja na hewa iitwayo ethilini. Mwaka 1901 mtaalamu wa Urusi, Dimitri Neljubow, alitambua kwamba hewa hiyo, iliyokuwamo katika gesi ya taa, hubadilisha ukuaji wa mimea. Mwaka 1924 F. E. Denny alionyesha huko Marekani kwamba malimau yaliyowekwa chumbani pamoja na majiko ya mafuta ya taa yaligeuka manjano si kwa joto la majiko, bali kwa ethilini iliyotoka katika moshi. Mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza akathibitisha kwamba matunda yenyewe huitengeneza. Kwa hiyo tunda moja linaloiva huliamsha la jirani, nalo huliamsha la tatu. Tunda lililopondeka hutoa ethilini nyingi zaidi, na ndiyo maana nyanya moja iliyopasuka chini ya beseni yaweza kuharakisha mwisho wa beseni zima.

Saa ya beseni na saa ya mpaka

Hapa ndipo mambo ya shambani yanapokutana na mambo ya dola. Kila joto liongezekapo kwa nyuzi 10, tunda hupumua mara mbili au tatu zaidi ya kwanza. Karoti iliyong'olewa kwenye baridi ya Nyabihu, ikafika Gisenyi na kusimama juani hadi adhuhuri, imepoteza mengi bila kusogea hatua moja. Viazi na vitunguu vikavu huweza kungoja, nyanya haiwezi. Kwa hiyo mchuuzi mzoefu huchagua nyanya ambazo ndiyo kwanza zinageuka rangi kwa ajili ya kuvusha, na zilizokwisha kuwa nyekundu huziuza Gisenyi siku ile ile.

Hesabu hiyo huwa njema mpaka uwapo wazi. Machi 2020 Rwanda ilifunga mipaka yake kwa sababu ya UVIKO-19; malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini wachuuzi wa miguu walikatikiwa na riziki. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi, na matetemeko yakapasua nyumba za pande zote mbili. Juni 2022, baada ya tukio la risasi penye kizuizi, upande wa Goma ukaanza kufunga saa 9 alasiri. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliingia Goma yenyewe. Kila mara, watu walipokuwa wakiomba usalama wa roho zao, zilikuwapo pia beseni zilizoendelea kuiva ndani ya nyumba, zisijue habari za vita wala za mlima.

Kwa mwanamke ambaye mtaji wake wote ni beseni moja, kuoza kwa mzigo si hasara ya siku moja tu. Ni mkopo usiolipika, ni karo ya mtoto, ni chungu kisichotelekwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula cha dunia hupotea baada ya mavuno, kabla ya kumfikia muuzaji wa rejareja. Penye kizuizi cha Gisenyi tarakimu hiyo ina sura ya mtu.

Askari alindaye mpaka hawezi kuiacha kazi yake kwa ajili ya nyanya, wala hatakiwi afanye hivyo. Hata hivyo, akijua kwamba mzigo u hai, ukaguzi waweza kufanywa kivulini badala ya juani, beseni laweza kuteremshwa taratibu badala ya kutupwa, na mwenye mboga laini akatangulizwa mbele ya mwenye gunia la vitunguu. Sheria haikuvunjwa, na riziki haikuharibika.

Nyumbani na kambini

Mafunzo ya Gisenyi yanamfaa pia mama wa nyumbani na mpishi wa kambini. Ndizi mbivu zisiwekwe pamoja na karoti wala kabichi, kwani ethilini huzitia karoti uchungu na kabichi huwa manjano. Karoti zikatwe majani mara zifikapo, maana majani huendelea kunyonya maji yake. Viazi vikae gizani. Vikigeuka kijani vimeanza kufanya sumu. Ndizi zisitiwe katika jokofu kali, kwa kuwa chini ya nyuzi 13 maganda yake huwa meusi. Atakaye parachichi liive upesi, alifunge katika mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Na asitumie kabaidi kuivishia matunda, kwani yaweza kuwa na mabaki ya aruseniki na fosforasi, ambavyo ni sumu.

Jioni, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, bei za nyanya huteremka sokoni Gisenyi. Zile ambazo asubuhi zilikuwa za kuvusha sasa ni za kuuzwa kwa fungu, na baadaye ni za kutolewa bure kwa jirani. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na walisema kweli. Lakini baina ya mbivu na mbovu ipo herufi moja tu, na wanawake wa Gisenyi huamka alfajiri kila siku ili waiwahi.