Jina la Babu Daftarini

Askari mstaafu wa Gisenyi, mji ulio leo katika wilaya ya Rubavu, alitaka kumweleza mjukuu wake habari za babu yake yeye mwenyewe. Alijua jambo moja tu: mzee huyo alilala bwenini Astrida, katika shule iliyoanzishwa na mabruda mwaka 1929. Taabu ikawa majina. Kwa desturi Mnyarwanda harithi jina la baba. Kila mtoto hupewa lake. Basi akapanda Nyundo, misheni ya tangu 1901, akafunguliwa daftari la ubatizo. Kidole kikapita mistari mingi, kisha kikasimama: jina la babu, na kando yake la baba wa babu, ambalo nyumbani hakuna aliyepata kulisikia. Mjukuu akaomba kalamu.